Maji Ulikunywa, Mama

Mama,

Leo nimekaa nyuma ya nyumba ya Mama Mdogo Risper, hapa Kondele, juu ya lile jiwe ulilokuwa ukisugulia visigino kila ulipokuja kumtembelea. Mwenyewe ameenda sokoni. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho ulichosomea Biblia yako, na kwa sababu Kiingereza nimekichoka kwa sasa. Nina jambo ambalo hadi leo linanitia kichefuchefu, na sioni wa kumweleza isipokuwa wewe, maana ni lako.

Ni habari za kambi ya Sama.

Unakumbuka mwaka jana Baba Debora, yule mmisionari mzungu, aliposimama kanisani na kutangaza kwamba likizo ya Agosti familia yake itaandaa "summer camp" kwa watoto? Akina mama wote walirudi nyumbani wakiuliza Sama ni nani. Wewe ulinivuta pembeni ukaniuliza, "Huyu Sama ni mzungu ama ni mtu wa kwetu? Na akifika atalala wapi?" Nikakueleza kwamba hilo si jina la mtu, ni majira ya joto huko kwao. Ukatazama jua, ukajifuta uso kwa leso, ukasema, "Kwani hapa joto ilienda wapi?" Ulicheka mpaka ukaweka sufuria chini. Kuanzia siku hiyo Kondele nzima ikasema kambi ya Sama, hata Mama Debora mwenyewe akaanza kusema hivyo.

Ulipika maharagwe ya kambi ile. Watoto waliimba, wakarushiana mpira kwenye uwanja wao kando ya ziwa, wakala, wakarudi kwao. Hakuna aliyeulizwa kama ana mama au hana.

Kisha ukaondoka, kabla ya mvua kubwa. Tangu hapo mambo yamebadilika. Nyumba yetu imepangishwa watu wengine, nao wamepaka mlango rangi ya kijani. Mimi nalala na watoto wa Mama Mdogo. Niko kidato cha pili sasa, na mwalimu wa Kiingereza husema naweza kufika mbali. Rafiki yako Mama Adhiambo bado anakaanga samaki pale pale karibu na makutano. Kila nikipita ananiita "nyar Anyango", binti ya Anyango, kwa sauti ya kusikika hadi ng'ambo ya barabara, na mimi hufurahi kwa sababu jina lako linakuwa limetajwa hewani.

Mwaka huu Baba Debora alisema kanisa lao la ng'ambo litatuma wageni wa kuona siku ya kufunga kambi, na kwamba wageni hao wanataka hasa kuwasaidia yatima. Basi mwezi wote wa Julai familia ile ilikuwa na kazi. Mama Debora alikaa barazani akikata samaki wa karatasi na kuwapaka rangi ambazo samaki wa ziwa letu hawajawahi kuwa nazo. Baba Debora alifunga kamba za bembea, akajaribu uzito wake mwenyewe, kamba ikakatika, akacheka akiwa chini. Debora, ambaye ni rika langu, alikunja fulana za manjano. Mama, hawa si watu wabaya. Nakuambia mapema ili usije ukawachukia. Waliniomba niwe mkalimani, nami nilifurahi sana. Nilifua sare yangu mapema na kuipiga pasi ingawa haikuwa siku ya shule.

Kazi ya kutafuta hao yatima walipewa Mwinjilisti Zablon, yule aliyetoka Awasi. Ulikuwa ukisema, "Huyo anaomba na jicho moja wazi." Nilidhani unamwonea.

Aliwakusanya watoto kanisani Jumamosi moja, akasimama mbele na mafuta yake ya nywele yanayonukia hadi mlangoni, akasema, "Yatima wote wanyooshe mikono." Hakuna mkono ulioinuka. Wewe unajua ni kwa nini. Mtoto aliyefiwa na baba hapa ana baba mdogo, naye humwita Baba. Aliyefiwa na mama yuko kwa nyanya yake na anakula huko. Hawakujua kwamba ni wao wanaoitwa. Mwinjilisti akakuna shingo, akasema, "Yatima ndio watapewa fulana, na mkate na jemu kila siku." Mikono yote ikainuka, pamoja na wa mtoto wake mwenyewe. Hata mimi nilicheka. Sasa sicheki tena.

Akaanza kuwachagua kwa macho, kama mtu anayenunua kuku. Mwembamba, njoo. Wewe uliyejaa mashavu, kaa. Nilimwambia kwa adabu kwamba mimi sina mama wala baba, kwa hiyo kama wageni wanataka kusikia neno kutoka kwa yatima, mimi naweza kulisema. Alinitazama kutoka kichwani hadi miguuni. "Wewe huwezi," akasema. "Wewe ni yatima wa Kiingereza. Umepakwa mafuta mpaka kwa magoti. Wageni watauliza ni nani anakupaka."

Ni Mama Mdogo anayenipaka, Mama. Hata siku asipokuwa na la kuweka sufuriani, mafuta hayakosi. Sikujua kwamba hilo ni kosa.

Halafu kukawa na viatu. Asubuhi ya kwanza ya kambi Mwinjilisti alisimama langoni na gunia la mahindi, akawaambia watoto wavue. "Yatima hana viatu," akasema. Wengi wao walikuwa wamevaa ndala, wengine viatu vya shule vilivyong'arishwa na mama zao asubuhi hiyo hiyo kwa heshima ya wageni. Vyote vikaingia guniani, na gunia likafichwa stoo nyuma ya ngoma za kwaya. Watoto wakaingia uwanjani wakirukaruka kwa sababu ya miiba. Mama Debora alipowaona alishika mdomo, akamwambia mumewe kwa Kiingereza, "Look at their feet." Alikuwa karibu kulia. Nami nilisimama hapo nikijua ndala zao ziko wapi.

Mchana, watoto walipokuwa wakila mkate, Mwinjilisti aliwafundisha kulia nyuma ya tangi la maji. Mimi mwenyewe nilimsikia. "Lia, lakini kidogo. Makamasi haifai, inaharibu picha." Vidole vyake vilikuwa na jemu. Alikuwa akiwashika kidevu kwa vidole hivyo, akiwageuza nyuso huku na huku, na kila mtoto alibaki na alama nyekundu kidevuni. Tangu siku ile jemu siwezi kuila. Hata harufu yake.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Aliyelia vizuri kuliko wote alikuwa Adhiambo, binti wa rafiki yako muuza samaki. Yule mdogo, mwembamba, mwenye macho makubwa, uliyekuwa ukimwita "jicho la ngege" kwa sababu ya macho yake kama ya samaki. Mama yake yuko hai, mzima, na sauti yake inasikika ng'ambo ya barabara. Lakini Mwinjilisti alimchagua kutoa ushuhuda mbele ya wageni, na siku mbili kabla ya kufunga kambi tukafanya mazoezi mbele ya Mama Debora. Adhiambo aseme kwa Kiswahili, mimi nifasiri kwa Kiingereza.

Mwalimu wangu alinifundisha kwamba mkalimani hasemi "anasema kwamba". Mtu akisema "mimi", mkalimani naye anasema "mimi". Nilikuwa najivunia kuijua kanuni hiyo.

Adhiambo akasimama, akaweka mikono nyuma, akaanza. "Mama yangu aliitwa Anyango." Nikafasiri. "Alikuwa akipika anaimba." Nikafasiri. "Alikuwa na kovu ya sufuria kwa mkono." Hapo ndipo nilipoelewa anamsema nani, na mdomo wangu ulikuwa tayari umeshasema, "My mother." Akaendelea. "Aligonjeka kifua. Alilala chini karibu na mlango. Aliomba maji, na hakuna mtu wa kumpa. Akakufa na kiu."

Mama, nilifasiri hata hilo. Lilitoka kwa sababu mengine yalikuwa yametoka mbele yake. Mama Debora akamkumbatia Adhiambo, akamlilia begani. Mimi nikabaki nimesimama kando na kifo chako mdomoni kama nyongo ya samaki iliyopasuka.

Nilimvuta Adhiambo hadi nyuma ya tangi. Nilikuwa nimekusudia kumpiga. Alikuwa anakula mkate. Nikamuuliza nani amempa ruhusa ya kukuchukua. Akanijibu bila hata kuogopa, "Mwinjilisti aliniambia niseme mama yangu amekufa. Lakini nikisema yangu, si atakufa kweli? Yako alishakufa. Haiwezi kumfanya kitu tena."

Mkono wangu ulishuka wenyewe. Nikamuuliza, na maji je? Akasema, "Hiyo ya maji ni yeye aliongeza. Alisema haijatosha."

Haijatosha. Nimelirudia neno hilo mara nyingi. Kwamba ulivyokohoa, ulivyokonda mpaka leso ikawa inakuzunguka mara mbili, ulivyojaribu kuimba siku ile na sauti ikakataa, hayo yote hayakutosha kwa wageni, mpaka uongezewe kiu.

Nilimfuata Mwinjilisti. Nilimwambia kwamba mama yangu alikunywa maji. Nilisema hivyo tu, sikuwa na maneno mengine. Akanipiga piga begani. "Binti, mama yako amekufa. Hata kama alikunywa ziwa yote, bado amekufa. Sasa wacha kifo yake isaidie wengine." Nilikwenda kuosha bega pale bombani, juu ya nguo, mbele ya watu. Debora aliniuliza kama nimemwagikiwa na kitu. Nikasema ndiyo.

Utaniuliza kwa nini sikumwambia Mama Debora hapo hapo. Nilimwona Adhiambo akiipima ile fulana ya manjano kifuani kila baada ya kitambo, akiirudisha, akiipima tena. Niliogopa atafukuzwa yeye na Mwinjilisti abaki. Ndivyo mambo yanavyokwenda hapa.

Siku ya kufunga, wageni walikaa chini ya turubai, wengine na kamera shingoni. Mama Adhiambo naye alikuwa ameagizwa samaki wa chakula cha mchana cha wageni. Mwinjilisti alikuwa amepanga aje baada ya ushuhuda, lakini yeye, kama unavyomjua, hajawahi kuchelewa mahali penye watu wa kutazamwa. Nilipoinua macho nilimwona amesimama nyuma ya viti vya mwisho na karai kichwani, anatabasamu kwa sababu mtoto wake amesimama mbele.

Adhiambo hakumwona. Akaanza. Aliitwa Anyango. Alikuwa akipika anaimba. Nikafasiri yote, na safari hii nilitambua kitu ambacho sikukitambua mara ya kwanza. Kila aliposema "mama yangu" lilikuwa uongo, na kila nilipolifasiri likawa kweli. Katika mahali pale pote, aliyekuwa na haki ya kusema "my mother" nilikuwa mimi, na nilikuwa nalisema, na hakuna aliyekuwa akinitazama. Wote walimtazama Adhiambo.

Akafika. "Aliomba maji, na hakuna mtu wa kumpa."

Nikasema kwa Kiingereza: Aliomba maji, nami nikampa. Nikampa kwa kikombe cha bluu kilichovunjika mkono. Alikunywa, akapumzika, akanywa tena, akasema imetosha.

Kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Ilikuwa alasiri, watoto wa jirani wanapigana kwa ajili ya tairi huko nje, nawe uliniita kwa jina langu. Nilikuinua kichwa. Maji kidogo yalipita kidevuni nikayafuta kwa kiganja. Ulisema, "Imetosha, Atieno," ukashika kifundo cha mkono wangu na hukukiachia.

Wageni hawakugundua kitu. Walidhani Adhiambo ndiye aliyempa mama yake maji, na wakaona ni habari nzuri zaidi. Mmoja wao, mama wa makamo mwenye kofia, aliinuka akachukua kikombe cha plastiki mezani, akampa Adhiambo akishike, akamgeuza uso kuelekea jua. Kisha akapiga picha. Wengine nao wakainuka na kamera zao. Mtoto akasimama pale peku na kikombe kitupu, akakumbuka alichofundishwa, akalia kidogo, si sana.

Ndipo Mama Adhiambo alipoweka karai chini.

Alipita katikati ya viti bila haraka, akajifuta mikono kwa aproni, akamnyang'anya mtoto wake kile kikombe na kukirudisha mezani. Hakupaza sauti. Nadhani ndiyo mara ya kwanza kumsikia akisema polepole. "Mwinjilisti," akasema, "mimi ndio mama ya huyu. Nimekufa lini?"

Mwinjilisti alicheka kicheko kisicho na pumzi ndani yake. Akaniinamia sikioni, "Hiyo usifasiri."

Baba Debora alikuwa amesimama. Kiswahili chake ni kile cha salamu na cha kununua mboga, lakini "nimekufa" alilielewa. "Atieno," akasema, "amesema nini?"

Nilimtazama Mama Adhiambo. Naye akanitazama, akaendelea, maana alijua kazi yangu. "Huyo Anyango mnaimba hapa, nilimwosha na hii mikono. Mtoto wake ndio huyu anawaongelesha Kizungu. Na wewe Zablon, kesho usije kwa kibanda yangu. Maiti haikaangi samaki."

Nikageuka kwa wageni. Nikasema "mimi", kama nilivyofundishwa. Nikasema: Mimi ni mama wa mtoto huyu. Nilikufa lini? Anyango mnayesikia habari zake nilimwosha kwa mikono yangu, na binti yake ndiye anayesema nanyi sasa. Nilifasiri na habari za samaki pia, sikuacha kitu. Sarufi yangu ilikuwa sahihi.

Turubai lilipigwa na upepo wa ziwani. Mama Debora aliketi kwenye nyasi, si kitini. Yule mama mwenye kofia alishusha kamera, kisha, sijui kwa nini, akaifuta kioo. Adhiambo alikuwa amejificha kwenye aproni ya mama yake akisema, "Sikukusema wewe, Mama. Sikukutaja jina." Mama yake akamjibu, "Nimesikia. Wewe ndio ulikuwa na akili hapa."

Baada ya hapo Debora aliniuliza swali moja tu, kama kuna kingine. Nikampeleka stoo. Tuliburuta lile gunia pamoja hadi uwanjani tukalimwaga. Watoto wakakimbilia viatu vyao. Walisahau kabisa kwamba ni yatima. Walikuwa wakigombana, "Hiyo ni yangu, yako imekatika hapa," na wageni wakakaa wakitazama rundo lile la ndala bila kupiga picha hata moja.

Sikuambii kwamba mambo yameisha vizuri. Mwinjilisti bado anaonekana, ingawa kanisani anakaa nyuma. Aliponikuta njiani alisema, "Umefungia watoto wengi mlango, na wewe umeshiba." Neno hilo limenichoma, kwa sababu huenda ni kweli wageni hawatarudi, na mkate ulikuwa mkate. Lakini kinachonichukiza zaidi ni zile picha. Zimekwenda ng'ambo ndani ya kamera zao. Huenda sasa hivi, mahali nisipopajua, Adhiambo ametundikwa ukutani na kikombe kitupu mkononi, na chini yake pameandikwa jina lako, kana kwamba ulikuwa mama yake. Siwezi kwenda kuibandua.

Wiki iliyopita Baba Debora alikuja Kondele kwa miguu. Aliketi kwenye benchi la Mama Adhiambo, akaagiza samaki, akala kwa vidole akachomwa na mwiba. Mwisho akasema kwa Kiswahili chake, "Mwaka kesho, watoto tu. Sio yatima. Watoto." Mama Adhiambo akamwambia, "Na huyo Sama mtuletee safari hii, tumemngojea sana." Baba Debora hakuelewa, nami sikumfasiria. Nilicheka peke yangu, Mama, kwa mara ya kwanza tangu siku ile, na nilicheka kama wewe. Mama Adhiambo alinitazama, akaniwekea kichwa cha samaki kwenye sahani.

Kile kikombe cha bluu ninacho. Mama Mdogo alitaka kukitupa kwa sababu kimevunjika mkono, nimemwomba aniachie. Nanywea mimi.

Nisalimie Baba. Mvua ikipungua nitakuja nipalilie hapo ulipolala, nyasi zimekuwa ndefu. Nami nakuahidi hili: nitaendelea kusoma lugha zote nitakazofundishwa, na popote nitakapoulizwa ulivyokufa, nitasema mwenyewe, kwa mdomo wangu, wala sitafasiri ya mtu mwingine. Nitasema uliomba maji, na ulikunywa, na ukasema imetosha.

Pumzika, Mama.

Binti yako,
Atieno